Safari ya Dubai: Nauli na gari la kukodi bila kumaliza mtaji

MFANYABIASHARA mdogo anayefunga safari yake ya kwanza kutoka Nairobi au Mombasa kwenda Dubai huwa amepiga hesabu ya mambo matatu: tiketi ya ndege, ada ya viza na chumba cha kulala. Fedha zinazosalia ndizo mtaji wa kununulia viatu, mapazia, vipodozi au vipuri vya simu atakavyouza Kamukunji, Eastleigh au Biashara Street. Jambo la nne, yaani usafiri wake wa kila siku akiwa ugenini, aghalabu huachwa lijipange lenyewe.

Hapo ndipo hasara huanzia. Teksi moja hapa na nyingine pale haionekani kuwa gharama kubwa. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Kufikia siku ya tano, fedha zilizotumiwa kwa nauli zinaweza kutosha kununua katoni nzima ya bidhaa. Akiwa amekodi gari, huenda sehemu nyingine ya mtaji wake imezuiliwa na kampuni ya magari kama dhamana, na haitarudi hadi atakapokuwa amekwisha kufika nyumbani.

Makosa haya hayatokani na ujinga. Chanzo chake ni kwamba msafiri hutazama bei iliyoandikwa kwenye tangazo badala ya bei atakayolipa mwishoni. Kabla ya kuchagua chombo chochote, inafaa ajiulize maswali matatu: Anabeba mzigo gani? Atasafiri saa ngapi? Na wako watu wangapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo huamua kama atapanda treni, basi, teksi au gari la kukodi.

Ili kurahisisha hesabu, ikumbukwe kuwa sarafu ya Dubai, dirham, imefungamanishwa na dola ya Marekani kwa kiwango cha takriban dirham 3.67 kwa dola moja. Katika mwaka wa 2025, dola ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh129 nchini Kenya. Hivyo basi, kila dirham moja inaweza kuhesabiwa kuwa kama Sh35.

Kabla ya kutoka uwanjani

Uamuzi wa kwanza hufanywa mlangoni mwa uwanja wa ndege, msafiri akiwa na uchovu na asijue upande wa kuelekea. Ni wakati huo ambapo wengi hukubali chochote kinachokuja mbele yao.

Uwanja wa kimataifa wa Dubai una majengo matatu ya abiria. Terminal 1 na Terminal 3 zina vituo vya treni ya metro, na abiria huvifikia kwa miguu bila kutoka nje kwenye joto. Terminal 3 ndiyo inayotumiwa na shirika la Emirates. Terminal 2, inayotumiwa na baadhi ya mashirika ya nauli nafuu, haina kituo chake cha metro, na anayeshukia huko hulazimika kupanda basi au teksi. Kwa hivyo, msafiri anapaswa kuangalia katika tiketi yake atashukia jengo gani, maana nauli nafuu ya ndege inaweza kumletea gharama ya ziada ya barabarani.

Saa ya kutua nayo ina uzito wake. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na vilevile Jumamosi, metro hufanya kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita za usiku. Ijumaa huendelea hadi saa saba za usiku, na Jumapili huanza saa mbili asubuhi. Anayetua saa nane za usiku hatapata treni. Iwapo ratiba inamruhusu kuchagua, ndege inayofika baada ya alfajiri humwokolea nauli ya teksi na pengine gharama ya usiku mmoja wa hoteli. Aidha, asisahau kuwa saa za Dubai ziko mbele ya zile za Nairobi kwa saa moja.

Metro na kadi ya Nol

Metro ya Dubai ilizinduliwa Septemba 9, 2009, kwa njia inayoitwa Red Line. Miaka miwili baadaye, Septemba 2011, ikafuatwa na Green Line. Treni hizo hujiendesha zenyewe bila dereva. Kwa Mkenya anayefuata biashara, jambo la maana zaidi ni mahali zinakopita. Red Line hutoka uwanja wa ndege na kupitia Deira, kisha huambaa barabara kuu ya Sheikh Zayed hadi upande wa Dubai Marina. Green Line huzunguka Deira na Bur Dubai, ambako ndiko yaliko masoko ya kale na maduka mengi ya jumla yanayotembelewa na wafanyabiashara kutoka Afrika. Njia hizo mbili hukutana katika vituo vya Union na BurJuman.

Nauli hulipwa kwa kadi iitwayo Nol. Kadi hiyo hiyo hutumika kwenye metro, mabasi na tramu. Ile ya rangi ya fedha huuzwa kwa dirham 25, na ndani yake kuna dirham 19 za kusafiria. Ipo pia tiketi ya karatasi ya rangi nyekundu, inayouzwa kwa dirham 2 kabla ya kuongezwa nauli yenyewe. Anayekaa siku moja anaweza kuridhika na tiketi hiyo, lakini kila safari humgharimu dirham moja zaidi. Kwa anayekaa siku kadhaa, kadi ya rangi ya fedha ndiyo yenye nafuu.

Jiji limegawanywa katika maeneo saba ya nauli. Mwenye kadi ya rangi ya fedha hulipa dirham 3 akisafiri ndani ya eneo moja, dirham 5 akivuka hadi eneo la pili, na dirham 7.50 akipita zaidi ya maeneo mawili. Kutoka uwanja wa ndege hadi Deira, basi, nauli haizidi dirham 5, yaani kama Sh175. Akishuka kwenye treni na kupanda basi kabla ya nusu saa kupita, safari hiyo huhesabiwa kuwa moja. Ni lazima agonge kadi anapoingia na anapotoka, la sivyo mashine itamkata nauli isiyo yake.

Ziko kanuni ambazo mgeni hujikwaa kwazo. Behewa moja hutengewa wanawake na watoto, na jingine ni la daraja la dhahabu ambalo nauli yake ni maradufu. Mwanamume anayejipata katika behewa la wanawake anaweza kutozwa faini ya dirham 100. Faini kama hiyo humpata anayekula au kunywa ndani ya treni. Dirham 100 ni Sh3,500, na hivyo chupa ya soda inaweza kumgharimu mtu nauli ya safari zaidi ya kumi na tano.

Kuhusu mzigo, abiria huruhusiwa sanduku moja kubwa na begi moja dogo. Anayewasili na sanduku moja la nguo hana tatizo. Anayerudi na marobota matatu hataruhusiwa kuingia. Kwa sababu hiyo, metro hufaa siku za kuzunguka kulinganisha bei, wakati mikono bado i mitupu.

Mabasi na abra

Si kila soko lililo karibu na metro. Dragon Mart, jumba kubwa la bidhaa za Kichina lililofunguliwa mwaka wa 2004 katika mtaa wa International City, halina kituo cha treni. Njia mpya ya metro, Blue Line, inajengwa kupitia mtaa huo, na imepangwa kufunguliwa mwaka wa 2029. Hadi wakati huo, anayetaka kufika huko kwa bei nafuu huunganisha metro na basi.

Mabasi ya Dubai hayapokei fedha taslimu. Aliyezoea matatu, ambako kondakta hupokea noti na kurudisha chenji, atashangaa kuachwa kituoni akiwa na dirham mkononi. Asipande kabla ya kuhakikisha kuwa kadi yake ya Nol ina salio la kutosha.

Kuvuka mkono wa bahari unaotenganisha Deira na Bur Dubai, chombo cha bei ya chini kabisa ni mashua ya kienyeji iitwayo abra. Nauli yake ni dirham moja, na hulipwa mkononi mwa nahodha. Mtu aliyelelewa Mombasa hatahitaji kufunzwa namna ya kupanda. Kando ya mkono huo wa bahari hutia nanga majahazi ya mbao, ya jamii moja na yale yaliyokuwa yakisafiri kwa pepo za msimu kati ya Ghuba na pwani ya Afrika Mashariki. Safari ya abra huchukua dakika chache tu, na humwepusha msafiri na mzunguko wa teksi unaoweza kumgharimu dirham 15 au zaidi.

Teksi na mita yake

Teksi za Dubai hupakwa rangi ya krimu, na paa la kila moja hubeba rangi ya kampuni yake. Zenye paa la waridi huendeshwa na wanawake na hubeba wanawake na familia. Hapa hakuna kujadiliana bei kama ilivyo desturi katika baadhi ya vituo vya teksi nchini Kenya. Mita ndiyo inayoamua, na dereva anayekataa kuiwasha ni wa kuepukwa.

Siri ambayo wageni wengi hawaijui imo katika bei ya kuanzia. Teksi inayochukuliwa uwanja wa ndege huanza kuhesabu kwa dirham 25 kabla gurudumu halijazunguka. Teksi hiyo hiyo ikisimamishwa barabarani mjini huanza kwa takriban dirham 5, ingawa nauli ya chini kabisa haipungui dirham 12. Baada ya hapo, kila kilomita huongeza takriban dirham mbili, kiwango kinachobadilika kufuatana na bei ya mafuta. Matokeo yake ni kwamba safari ya kutoka uwanja wa ndege kwenda Deira inaweza kufika dirham 40 au 45, ilhali kurudi kwa njia ile ile hugharimu dirham 25 hadi 30.

Kwa mfanyabiashara, tofauti hii ina funzo. Siku ya kufika, akiwa na sanduku moja, apande metro. Siku ya kuondoka, akiwa na mizigo, achukue teksi barabarani. Anayefanya kinyume hulipa zaidi wakati asipohitaji, kisha huhangaika na mizigo wakati anapohitaji msaada.

Anayekwenda Sharjah, mji jirani ambako vyumba vya kulala mara nyingi huwa na bei nafuu, ajue kuwa teksi ya Dubai huongeza dirham 20 kwa kuvuka mpaka wa milki hizo mbili. Wengi hupanga chumba huko wakidhani wameokoa, kisha akiba yote ikaishia kwenye nauli na foleni za magari za asubuhi na jioni. Chumba cha Deira kinachozidi kile cha Sharjah kwa dirham 40 kwa usiku kinaweza kuwa ndicho cha bei nafuu.

Magari yanayoitwa kwa simu, yakiwemo ya Uber na Careem, yanapatikana kwa wingi. Hata hivyo, Mkenya aliyezoea kuona huduma hiyo ikiwa nafuu kuliko teksi jijini Nairobi atakuta mambo ni kinyume. Kwa kanuni za Dubai, magari ya kifahari yanayoitwa kwa njia hiyo hutozwa zaidi ya teksi za kawaida. Wapo pia watu wanaowanong'oneza abiria nje ya viwanja na vituo wakiwaahidi usafiri wa bei ya kutupa kwa magari ya binafsi. Usafiri huo ni haramu kisheria, na likitokea la kutokea, abiria hana bima wala mahali pa kushtaki.

Gari la kukodi: Bei ya tangazo na bei halisi

Gari dogo la kukodi hutangazwa Dubai kwa bei inayoweza kushuka hadi dirham 80 kwa siku. Mtu akilinganisha na safari tatu au nne za teksi, huona gari ni nafuu. Lakini bei ya tangazo ni mlango tu wa kuingilia. Nyuma yake kuna gharama nyingine zinazopaswa kuulizwa moja baada ya nyingine.

Kwanza ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza kutozwa nchini humo Januari 1, 2018. Mteja aulize kama imo ndani ya bei aliyotajiwa.

Pili ni bima. Bima ya kawaida hulipia uharibifu baada ya mteja kulipa kiasi fulani cha kwanza kutoka mfukoni mwake. Kiasi hicho kinaweza kuzidi hata kodi ya gari ya wiki nzima. Kampuni humuuzia mteja bima ya nyongeza ya kila siku ili kukipunguza au kukiondoa. Mara nyingi hata bima hiyo ya nyongeza haihusishi magurudumu, vioo na sehemu ya chini ya gari. Msafiri asiridhike na maneno kuwa "bima ni kamili", bali aombe kuonyeshwa kwenye mkataba ni kiasi gani atalipa gari likikwaruzwa.

Tatu ni tozo za barabara. Mfumo wa Salik, ulioanza mwaka wa 2007, hurekodi gari kila linapopita chini ya lango lake bila kusimama. Kuanzia Januari 31, 2025, siku za kazi tozo ni dirham 6 katika saa za msongamano, yaani kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, na kati ya saa kumi na saa mbili jioni. Saa nyingine ni dirham 4, na hakuna tozo kuanzia saa saba za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kampuni ya magari hulipa kwanza, kisha humdai mteja, na baadhi huongeza ada yao wenyewe juu ya kila tozo. Abu Dhabi nayo ina mfumo wake uitwao Darb.

Nne ni kikomo cha kilomita. Mikataba mingi huweka kikomo kwa siku, kwa mfano kilomita 250, na kila kilomita ya ziada hulipiwa. Safari ya Dubai hadi Abu Dhabi na kurudi ni kama kilomita 280. Anayedhani amekodi gari kwa safari hiyo huenda akarudi akiwa tayari anadaiwa.

Tano ni mafuta na maegesho. Bei ya petroli hutangazwa upya kila mwezi. Utaratibu ulio bora ni kuchukua gari likiwa na tangi lililojaa na kulirudisha likiwa limejaa. Utaratibu wa kulipia tangi zima mapema humfaidi mwenye gari, maana mteja ni nadra kurudisha tangi likiwa tupu kabisa. Maegesho ya kulipia, hasa Deira ambako nafasi ni chache, huongeza gharama na kupoteza muda.

Dhamana inayofunga mtaji

Gharama zote hizo zinaweza kuhesabiwa mapema. Lile linalomuumiza mfanyabiashara mdogo kuliko yote ni dhamana. Kabla ya kukabidhi ufunguo, kampuni huzuia katika kadi ya mteja kiasi ambacho mara nyingi huwa dirham 1,000 hadi 2,000. Fedha hizo hazijatumika, lakini mwenyewe hawezi kuzigusa. Hurudishwa siku kadhaa baada ya gari kurejeshwa, na mara nyingine wiki mbili hadi mwezi mzima, kwa sababu kampuni husubiri kuona kama kuna faini za barabarani zitakazojitokeza baadaye.

Kwa mtalii aliyekuja kupumzika, hilo ni usumbufu mdogo. Kwa aliyekuja na dola 1,500 za kununulia bidhaa, dirham 1,500 zilizofungwa ni zaidi ya robo ya mtaji wake. Anarudi Nairobi na bidhaa chache kuliko alizokusudia, na faida ambayo ingepatikana kutokana na fedha hizo haitarudi hata dhamana yenyewe ikirudishwa yote.

Aidha, kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo iliyo na jina la dereva mwenyewe. Kadi za kulipia mapema, na zile pepe zinazounganishwa na akaunti ya fedha kwa simu, hukataliwa mara nyingi. Zipo kampuni zinazokubali dhamana ya fedha taslimu, lakini mteja adai stakabadhi inayoonyesha kiasi, tarehe na siku ya kurudishiwa. Pasipoti isiachwe kama dhamana. Nakala yake inatosha.

Na pale mashine ya malipo inapomuuliza kama angependa kulipa kwa dirham au kwa sarafu ya nyumbani, achague dirham. Kiwango cha kubadilisha fedha kinachotolewa na mashine ya muuzaji aghalabu huwa kibaya kuliko cha benki.

Leseni na sheria za barabarani

Leseni ya Kenya haitoshi peke yake kukodi gari Dubai. Mgeni huhitaji pia kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, ambacho nchini Kenya hutolewa na chama cha AA kwa mwenye leseni halali. Kibali hicho hutafutwa kabla ya kuondoka nyumbani. Kampuni huweka pia umri wa chini, mara nyingi miaka 21 kwa magari madogo na 25 kwa makubwa.

Katika Milki za Kiarabu, magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, tofauti na Kenya ambako ni kushoto. Usukani nao huwa upande wa kushoto wa gari. Barabara kuu zina njia tano au sita kila upande, na gari huenda kwa kasi kubwa. Mtu anayejifunza haya yote kwa mara ya kwanza, akiwa na haraka ya kufika sokoni, yumo hatarini na huwaweka wengine hatarini. Anayechagua kutoendesha hana haja ya kuona haya.

Kamera za kasi zimetapakaa kila mahali. Dubai huruhusu nyongeza ndogo juu ya kasi iliyoandikwa kabla ya faini, lakini Abu Dhabi iliondoa nyongeza hiyo mwaka wa 2018. Aliyeendesha kwa mazoea ya Dubai akavuka kuingia Abu Dhabi anaweza kukusanya faini bila kujua. Kuendesha baada ya kunywa pombe, hata kiasi kidogo, ni kosa kubwa. Vilevile, gari likikwaruzwa hata kidogo, ni lazima polisi waitwe na ripoti ichukuliwe. Bila ripoti hiyo bima hailipi, na mteja hubeba gharama yote. Anayetaka kuvuka kwenda Oman lazima apate idhini ya kampuni na bima ya nchi hiyo kabla ya kufika mpakani.

Wakati wa kupokea gari, msafiri alipige picha kila upande, pamoja na kipimo cha mafuta na cha kilomita, na ahakikishe kila mkwaruzo umeandikwa kwenye fomu. Afanye vivyo hivyo wakati wa kulirudisha, na asikubali kuacha ufunguo kwenye sanduku bila mtu wa kampuni kulikagua.

Hesabu ya siku tano

Tuchukue mfano wa kukadiria wa mfanyabiashara mmoja anayelala Deira, anayekaa siku tano na kuzunguka masokoni kwa siku nne.

Akitumia metro, basi na abra kwa kuzunguka, na teksi wakati wa mzigo tu, atatumia dirham 6 kwa kadi yenyewe, dirham 5 kutoka uwanja wa ndege, kama dirham 12 kila siku kwa siku nne, teksi mbili za mizigo za dirham 35 kila moja, na teksi ya kurudi uwanjani ya dirham 30. Jumla ni dirham 159, yaani takriban Sh5,600.

Akitumia teksi pekee, safari nne kwa siku za dirham 25 kila moja ni dirham 400. Akiongeza teksi za kutoka na kurudi uwanja wa ndege, jumla hufika dirham 475, yaani takriban Sh16,600.

Akikodi gari la dirham 80 kwa siku, siku tano pamoja na kodi ya serikali ni dirham 420. Bima ya nyongeza ikadiriwe dirham 130, tozo za Salik 80, maegesho 60 na mafuta 60. Jumla ni dirham 750, yaani kama Sh26,250. Juu ya hayo, dhamana ya dirham 1,500, ambayo ni Sh52,500, itakuwa imefungwa.

Bei zinaweza kupanda au kushuka, lakini mpangilio haubadiliki: kwa mtu mmoja anayefanya biashara ndani ya mji, gari la kukodi ndilo ghali kuliko yote, ingawa tangazo lake ndilo lililovutia zaidi.

Kuhusu mzigo mkubwa, suluhisho haliko katika gari. Maduka mengi ya jumla hupeleka bidhaa moja kwa moja kwa kampuni ya kusafirisha mizigo ambayo mteja amechagua. Mfanyabiashara akiuliza swali hilo kabla ya kulipa, huenda asihitaji hata hizo teksi mbili.

Wakati gari linapofaa

Haya hayamaanishi kuwa kukodi gari ni kosa kila mara. Idadi ya watu inaweza kugeuza hesabu. Basi la kutoka Dubai kwenda Abu Dhabi hutoza dirham 25 kwa kila abiria. Kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi ni dirham 50, na gari haliwezi kushindana na bei hiyo. Kwa watu wanne, nauli ya basi hufika dirham 200. Gari dogo la siku moja, pamoja na bima, petroli, tozo na maegesho, linakaribia kiasi hicho hicho, na huwapa uhuru wa kusimama watakapo. Familia yenye watoto wadogo na mzee asiyeweza kutembea kutoka kituo hadi kituo inaweza kuliona gari kuwa la lazima.

Hata hapo, ni bora kukodi kwa siku moja au mbili za safari ya mbali, badala ya kulipia gari linaloshinda limeegeshwa Deira kwa siku tano. Dereva awe mwenye mazoea, na dhamana ilipwe kwa fedha zisizo za biashara.

Maswali yale matatu ya mwanzo hayafai Dubai pekee. Yanafaa pia kwa anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa, Johannesburg kwa mkutano au London kumwona mwana. Kila mji una kadi yake ya nauli, tozo zake na mitego yake, na habari hizo zinaweza kutafutwa jioni moja kabla ya safari. Msafiri aandike kwenye karatasi nauli ya kila siku, kama anavyoandika bei ya bidhaa, na aifungie fungu lake mbali na mtaji. Mali bila daftari, walisema wazee, huisha bila habari.